Meli Iliyoonyesha Mgongo

Zamu ya Magdaline ya kupewa zawadi ilipofika, akina mama wa kikundi cha kanisa huko Mweiga hawakumletea sufuria wala blanketi kama ilivyo desturi yao. Walimletea bahari. Ilikuwa picha ya kioo, pana kuliko meza ya sebuleni, yenye taa ndogo zilizofichwa nyuma yake: nakala ya mchoro wa kale wa Kiholanzi, meli ya matanga katikati ya mawimbi yaliyochafuka. Kagure, mwenyekiti wao, aliinunua Nyeri mjini kwa sababu moja tu. Moffat, mwana pekee wa Magdaline, alikuwa mpishi katika meli ya watalii, na tangu mvua za masika simu yake haikupatikana.

"Hii ndiyo meli ya kijana wetu," Kagure alisema. "Iko njiani inakuja."

Mumewe Magdaline, Wambugu, mwalimu mstaafu wa historia, alisema tu kwamba bili ya umeme ingepanda. Picha ikatundikwa mkabala wa dirisha la barabarani. Kila jioni, kabla ya kuinjika chakula, Magdaline aliiwasha akasimama mbele yake, midomo ikimcheza. Wambugu aliendelea na gazeti lake. Kwake ule ulikuwa ushirikina wa kawaida uliotiwa umeme, na hakuona haja ya kuugusa.

Angeendelea hivyo, lau akina mama wasingerudi mwezi wa Julai kuomba wakiielekea picha. Kagure alimsihi Mungu aisukume meli ile kwa upepo mwema. Upepo ndio uliomshinda Wambugu.

"Upepo ukizidi," alisema, "itazidi kwenda."

Macho yakafumbuka. "Ati nini, Mwalimu?"

"Meli hiyo haiji. Inakwenda. Tazameni ile taa kubwa: taa kama ile ilifungwa tezini, yaani nyuma. Tunaonyeshwa mgongo. Na mashua ile ndogo hapa mbele ni ya watu walioachwa."

"Wewe hata picha unaisahihisha na kalamu nyekundu," Kagure alisema, na wawili watatu wakacheka.

Magdaline hakucheka. Aliisogelea picha, akaitazama taa, kisha mashua, ambayo hadi siku hiyo alidhani ni gogo.

"Hawa watu wanaiona ikienda?"

"Wanaiona," Wambugu alijibu. Hakuwahi kuliacha swali bila jibu.

Jioni ile Magdaline aliing'oa plagi ukutani.

"Usiizime kwa ajili yangu," mumewe alimwambia.

"Si kwa ajili yako. Moffat akija, ataiwasha mwenyewe."

Zamani alilala na simu chini ya mto. Sasa aliiacha juu ya kabati, na mara nyingine Wambugu aliikuta imezima, chaji imekwisha, hakuna aliyejali. Jambo hilo lilimsumbua kuliko maombi yote ya Kagure. Hatimaye alifanya kile ambacho hakuwahi kukifanya katika ndoa yake.

"Mama Moffat," alisema, Magdaline akimenya viazi, "nimesoma tena. Nilikosea. Ziko meli zilizofungwa taa mbele."

"Umesoma wapi?"

"Katika kitabu."

"Nionyeshe."

Kitabu hakikuwapo. Magdaline alimaliza kiazi, akachukua kingine.

"Umenisahihisha Kiswahili, hesabu, hata Maandiko. Nilivumilia kwa sababu nilijua hunidanganyi. Sasa usininyang'anye na hilo."

Jumatano iliyofuata alikwenda kwenye ibada nyumbani kwa Kagure. Ukungu wa milima ya Nyandarua ulishuka mapema, na kufikia magharibi barabara haikuonekana. Wambugu alisimama mbele ya kioo cheusi, asione ndani yake ila miwani yake mwenyewe. Maneno yake yalikuwa yamepoteza thamani katika nyumba ile; huenda swichi ingesema vizuri zaidi. Mkewe angeikuta imewaka, na hakuna ambaye angelazimika kueleza lolote. Akaichomeka plagi. Hakuwahi kuigusa kabla ya hapo.

Akaketi, akajitahidi kuiona meli ikija. Aliiziba taa kwa kidole gumba. Meli iliendelea kumwonyesha mgongo.

Ndipo aliposikia lango likigonga ukuta, na miguu ikikimbia juu ya kokoto. Magdaline, mwenye magoti mabovu, hakuwa mtu wa kukimbia. Mlango ulifunguka. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka mabegani, na mguu mmoja haukuwa na kiatu.

"Mwanangu," alisema, akihema. Alitazama kiti cha wageni, kisha mlango wa jikoni, kisha akatazama hata nyuma ya mlango alioingilia. "Yuko wapi? Ni nani amewasha?"

"Ni mimi," Wambugu alisema.

Magdaline alishika mwimo wa mlango hadi pumzi zikamrudia. Hakulia, wala hakumlaumu.

"Kiatu changu kimebaki kwenye matope," Magdaline alisema, akageuka akatoka.

Kupitia dirishani Wambugu alimwona akipapasa kando ya lango, ameinama. Alinyoosha mkono ili aizime picha. Kisha akaona kwamba mwanga ule ndio uliomfikia mkewe pale alipoinama, akaiacha ikiwaka, akatoka kwenda kumsaidia kutafuta.