Gitaa Jeusi Lililoandikwa Jekundu

Watu wakiingia kwenye kibanda changu pale Mkuyuni, kitu cha kwanza wanachouliza ni fundi yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba fundi amekwenda kuoga ziwani, wamsubiri, kisha naendelea na kazi yangu. Wengine husubiri nusu saa nzima. Jina langu ni Maulida binti Jumbe. Natengeneza spika na magitaa kama alivyofanya baba yangu kwenye meza hiihii, na hasira zangu ziko karibu. Hilo nalisema mapema ili asije mtu akalalamika baadaye.

Wilhelmina hakuuliza fundi yuko wapi, ndiyo maana nilimpenda. Aliingia Jumanne asubuhi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Magu, mwenye miaka hamsini na kitu, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa vitenge viwili. Alikilaza mezani, akafungua fundo moja baada ya jingine.

"Mdogo wangu, nataka uniambie hili ni gitaa gani," alisema. "Bei yake sina haja nayo."

Lilikuwa gitaa la umeme, jeusi, limechakaa vizuri kama vinavyochakaa vitu vinavyopendwa. Kichwani limeandikwa Kurose. Magitaa ya kiwanda hicho cha Japani nilikuwa nimewahi kuyaona mara mbili tu, na yote mawili yalikuwa mekundu. Hili nilipolinyanyua mkono ulishuka kwa uzito. Nilitaka kulifungua palepale, lakini Wilhelmina aliweka kiganja juu ya nyuzi. Alitaka kwanza nijue limetoka wapi.

Baba yake, Machibya, alipiga solo kwenye bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba, enzi ambazo karibu kila shirika lilikuwa na bendi yake na vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mpiga gitaa alikabidhiwa gitaa kwa kusaini, kama dereva anavyokabidhiwa gari. Mwaka 1983 vilikuja vyombo vipya kumi na viwili, na Machibya akapewa gitaa. Mwaka 1987 bendi ikavunjwa, kila mtu akaambiwa arudishe alichonacho. Wakaguzi wakaja na leja. Leja ilisema gitaa jekundu, pikapu tatu. Pikapu kwetu sisi mafundi si gari, ni zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Gitaa alilorudisha Machibya lilikuwa jeusi, na pikapu zilikuwa mbili.

Wakasema ameuza zuri akaleta takataka. Wanabendi wenzake walimtetea, lakini nani angewasikiliza wanamuziki mbele ya leja? Akafukuzwa kazi, na ile takataka akaambiwa aende nayo. Akalima mpunga mpaka uzee, gitaa akilipiga nyumbani tu, bila spika.

Alifariki miezi miwili iliyopita. Siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi, iliulizwa mbele ya watu wote: mwenye dai kwa marehemu, au mwenye kitu chake, aseme sasa. Akasimama Mzee Revocatus, aliyekuwa mtunza stoo wa kile kiwanda. Alisema yeye hadai chochote, ila dhamiri inamsuta. Marehemu aliondoka na gitaa la kiwanda, na jambo hilo lisifukiwe kimyakimya. Kisha akakaa.

"Yule mzee alizaliwa miaka minne baada ya baba," Wilhelmina aliniambia. "Zamani alikuwa anamwamkia kwa heshima zote. Baada ya mambo yale hakumpa shikamoo tena hadi baba anaingia kaburini. Wakikutana njiani alikuwa anamwambia tu, habari za leo."

Wiki moja baada ya matanga, binti yake Wilhelmina, Selina, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo alikuwa apewe jina la Machibya, hilo halikuwa na mjadala. Lakini mdogo wa marehemu, Mzee Luhende, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikataa. Jina lenye wizi juu yake, alisema, hatumvishi mtoto mpaka lisafishwe. Kwa hiyo mtoto ana wiki tatu na watu wanamwita Mgeni.

"Kama baba aliiba, niambie aliiba," alisema Wilhelmina. "Nitamtafutia mtoto jina jingine. Ila nijue."

Nikamwomba siku nne. Aliniachia gitaa pamoja na bahasha yenye barua ya kufukuzwa kazi ya baba yake. Nyuma ya barua ilikuwa imebanwa nakala ya ukurasa ule wa leja.

Nilianza na rangi. Kama mtu alichukua gitaa jekundu akalipaka jeusi, wekundu utabaki mahali. Nilikwangua kidogo ukingoni, chini ya kibao cha mbele, ambapo hakuna anayeona. Nyeusi, halafu rangi ya kwanza ya kijivu, halafu mbao. Wekundu haukuwapo. Nikafungua kibao chote nione kama kuna tundu la pikapu ya tatu lililozibwa. Mbao ilikuwa imechongwa matundu mawili tu tangu mwanzo. Gitaa hili halikuwahi kuwa jekundu, wala halikuwahi kuwa na pikapu tatu; basi si lile la kwenye leja.

Nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu ambaye sikuwahi kumwona, kwa kuwa tayari nilikuwa upande wake bila mtu kuniomba. Nililifunika kwa kitenge, nikatengeneza redio za watu siku nzima bila kuzungumza na mtu.

Kesho yake nililirudia gitaa, maana kuna jambo lilikataa kuniacha. Vile vifundo vya kuongeza sauti, kwa chini, huwa vimegongwa tarakimu za mwaka vilipotengenezwa. Hivi vilisema 1982, na gitaa lilipokelewa 1983. Shingo nayo haikuwa imefungwa kwa skrubu kama ya yale mekundu, bali ilipita moja kwa moja katikati ya mwili mpaka mwisho, kipande kimoja cha mbao, kazi ya gharama na uvumilivu. Nikazipima pikapu kwa mita ya umeme, na zilikuwa na nguvu kuliko zile nilizowahi kupima kwenye mekundu. Sasa nani anatengeneza gitaa bandia lililo bora kuliko lenyewe? Na mwizi gani anaiba zuri akaacha zuri zaidi?

Nikapiga picha kila upande, nikazituma kwenye kundi moja la mtandaoni la wapenda magitaa ya zamani. Mchana alinijibu mzee mmoja Mjapani aliyestaafu kutoka kiwanda hichohicho. Aliandika kwa kutumia mashine ya kutafsiri, na Kiswahili chake kilitoka kama cha mtu anayesoma mkataba mahakamani, lakini nilimwelewa. Alitaka uzito, urefu wa nyuzi, na picha ya ndani kwa nyuma. Mzani nilioupata ni wa jirani yangu Mhoja, muuza dagaa. Kilo nne na robo. Gitaa lilinuka dagaa wiki nzima, na Mhoja hadi leo anasema amepima mambo mengi lakini muziki ni siku ile tu.

Nikafungua kifuniko kidogo cha nyuma kinachoficha nyaya. Ndani, kwenye ukuta wa mbao, kwa rangi nyeupe ya mafuta, palikuwa pameandikwa 7/12.

Niliruka. Magitaa ya toleo maalumu huhesabiwa hivyo, kipande cha ngapi kati ya vingapi. Kumi na mawili tu dunia nzima, na la saba liko Mkuyuni juu ya meza yangu! Nilimpigia Wilhelmina simu, nikamweleza kwa kasi ambayo hata mimi sikujielewa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Ina maana aliiba au hakuiba?"

Nilikuwa nimefurahia uadimu wa gitaa nikasahau swali lililolileta. Niliona aibu, na aibu huwa inanifanya nifanye kazi vizuri zaidi.

Jibu la yule mzee Mjapani lilikuja asubuhi. Kwanza alinisahihisha, si kumi na mawili. Mwaka 1982 walitengeneza magitaa meusi sitini ya kujaribia shingo ya mtindo ule, na hawakuendelea kwa sababu yaliwachukua muda mno. Hayakuingizwa kwenye orodha ya kiwanda, na hayakutengenezewa maboksi yake. Yalitiwa kwenye maboksi ya yale mekundu, yakachanganywa na mzigo wowote uliokuwa ukiondoka. Yeye binafsi alijua yalipo tisa. Tena, aliandika, kiwanda chao hakikuandika namba kwa brashi. Walichoma kwa chuma cha moto, chini ya pikapu iliyo karibu na shingo.

Nililegeza skrubu nne, nikainyanyua pikapu. Pale chini mbao ilikuwa imechomwa: 38/60.

Boksi lilisema jekundu, pikapu tatu, na ndani yake lilikuwa hili. Lakini hiyo peke yake haikumsafisha Machibya. Mtu angeweza kusema alilipata jeusi kwingine. Iliyobaki ni ile namba ya rangi nyeupe. Kama si ya kiwanda cha Japani, ni ya nani?

Nikaufungua tena ule ukurasa wa leja. Kinanda, ngoma, vipaza sauti, besi. Vyombo kumi na viwili vimepangwa kwa mwandiko wa mtu nadhifu. Cha saba: gitaa la umeme, jekundu, pikapu tatu. Na ile saba yenyewe ilikuwa na kistari katikati na mkia uliopinda kama ndoana. Nikaitazama ya kwenye mbao. Kistari katikati, mkia wa ndoana.

Nilitaka kwenda kwa Mzee Revocatus saa ileile nikamwangushie maneno niliyokuwa nayo. Wilhelmina, niliyempigia tena, alinituliza. Alishuka mwenyewe kutoka Magu, na tulipopanda bajaji ya kwenda Mkolani, anakoishi mzee huyo, aliniambia jambo moja tu: "Usimwambie. Muulize."

Tulimkuta nyumbani kwake, mzee mkavu aliyenyooka, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha barazani. Ndoo zake za maji zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja ina namba kwa rangi nyeupe: 1/4, 2/4, hivyo hivyo hadi ya nne. Kiti nilichokalia mimi kilikuwa 3/6.

Nilimuuliza kwa upole, upole ambao baba yangu angeushangaa, zamani stoo alikuwa anawekaje alama kwenye mali. Alifurahi kuulizwa. Kwa nje, alisema, aliandika jina la kiwanda mgongoni mwa chombo, ila hilo lilisuguliwa na mashati ya wapigaji likafutika. Kwa hiyo aliweka na alama ya pili, ya siri, ndani ya tumbo la chombo. Hakumwambia mtu. Si meneja, si wakaguzi, hata mke wake.

"Gitaa la Machibya liliporudi, uliitafuta hiyo alama?" niliuliza.

Hakuitafuta, kwa sababu hakuwapo. Mwaka 1985 alihamishiwa Geita, na habari za wizi alizipata kwa barua. Gitaa lililorudishwa hakuwahi kuliona, na dansini yeye hakuwahi kukanyaga, dini yake haimruhusu. Leja aliiandika mwenyewe, na leja ilimtosha.

Wilhelmina akafungua vitenge, mimi nikampa mzee bisibisi.

Alifungua taratibu, skrubu akaziweka kwenye kiganja ili zisipotee. Akavaa miwani. Akatazama ndani, halafu akapitisha kidole juu ya ile namba.

"Hii saba ni yangu," alisema.

Nilimweleza kuhusu maboksi. Alikuwa ameanza kuelewa kabla sijamaliza. Lori lilichelewa siku ile, alisema, na meneja alitaka leja iwe mezani kwake jioni hiyohiyo. Akaandika kutoka kwenye maboksi, yakiwa hayajafunguliwa. Vyombo vyenyewe alivitoa na kuvipaka namba kesho yake, na hakuna aliyerudi kulinganisha.

"Nililishika," alisema. "Nililishika kwa mikono hii, nikaliandika namba, na sikuangalia rangi."

Maneno makali niliyokuja nayo kutoka Mkuyuni sikuyaona yalikokwenda. Wilhelmina alikuwa anatazama ndoo.

Jumapili tulikwenda naye Magu. Ndugu walikuwa wamekusanyika, na Mzee Revocatus akasimama palepale aliposimama siku ya matanga. Alieleza yote bila kujipunguzia: boksi, leja, rangi ambayo hakuiangalia, miaka aliyomwita mwenzake mwizi. Mzee Luhende alilichukua gitaa, akamulika ndani kwa simu, akaisoma namba kwa sauti. Kisha akamrudishia Wilhelmina kwa mikono miwili.

Selina akatoka ndani na mtoto. Mzee Revocatus akauliza anaitwa nani. Wilhelmina alimtazama baba yake mdogo, na Mzee Luhende akatikisa kichwa kukubali.

"Anaitwa Machibya," alisema Wilhelmina.

Mzee Revocatus akavua kofia. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mtoto, mkono mmoja ameshikilia goti.

"Shikamoo, Machibya," alisema.

Mtoto alikuwa amelala. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyejua afanye nini, na mzee aliendelea kuinama pale anasubiri. Ndipo Wilhelmina akaitikia marahaba kwa niaba ya baba yake, akalia.