Kina Kilichounguza Redio

Nyumbani walimwita Malenga, na yeye, badala ya kuisikia dhihaka iliyomo, aliipokea kama cheo. Ushairi alijifundisha mwenyewe, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko alivyosoma mashairi yenyewe.

Sebuleni kulikuwa na spika mbili kubwa za Baba na amplifaya yake ya zamani, yenye redio ndani, iliyompa taarifa ya habari kila saa kumi alasiri. Malenga alikuwa amenunua amplifaya ya mtumba yenye tundu la maikrofoni, akataka mashairi yake yatoke kwenye spika zilezile. Baba alikubali kwa sharti moja: siku redio yake itakapokosa kusema kwa sababu ya mashairi, mashine ya Malenga ihame sebuleni siku hiyohiyo. Na Jumamosi wenzake sita walialikwa kuja kumsikiliza.

Akaenda mtaa wa pili kwa Shangazi, dada yake Baba, fundi wa redio. Bila kuinua macho kutoka kwenye risasi ya kulehemu aliyokuwa akiyeyusha, Shangazi alimweleza kwamba amplifaya mbili hazikutani kwenye spika moja: inayofanya kazi huisukumia nyingine umeme kwa mlango wa nyuma, ikaiunguza.

"Kabla hujawasha moja, chomoa nyaya za nyingine," alisema. "Zote, chanya na hasi. Ukichoka kuchomoa, njoo nikufungie swichi ya kuchagua."

Mtu mwingine angeandika kwenye karatasi. Malenga alitunga, njiani, akihesabu mizani kwa vidole:

Moja ikitaka imba, nyingine kwanza kuzima,
Spika zako zitatamba, zitadumu zikivuma.

Shangazi alisema chomoa. Malenga aliijaribu chomoa. Mizani ilikaa, kina kikagoma. Akaweka kuzima. Kuna tofauti gani? Kilichozimwa kimelala, na aliyelala hagombani na mtu. Kwa hekima hiyo alijipongeza mpaka mlangoni kwao.

Jumamosi saa tisa, mbele ya wenzake, alisokota nyaya za amplifaya zote mbili pamoja nyuma ya spika, akazima ya Baba, akawasha yake. Ubeti wa kwanza ulitoka kwa kishindo. Wa pili ulitoka na harufu. Mmoja wa wageni aliuliza kwa adabu kama jikoni kuna kitu kimesahauliwa. Malenga alizima yake, akawasha ya Baba. Haikutoa hata mkwaruzo.

Baba aliingia saa kumi kasoro robo, akaketi, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Shangazi akaitwa. Aliifungua mashine juu ya meza, akagusa kwa ncha ya bisibisi transista mbili zilizokuwa nyeusi kama mbegu za papai, akamtazama mpwawe.

"Labda umeme ulipanda," Baba alisema. "Juzi ulipanda."

Malenga aliona amefunguliwa mlango, tena na mwenye nyumba. Angepita humo, amplifaya yake ingebaki pale ilipo. Lakini Shangazi alikuwa hajaacha kumtazama.

"Hapana, Baba. Nilikuwa natafuta kina."

Ikabidi aeleze, na kueleza hakukutosha. Ikabidi aighani mishororo yote miwili mbele ya maiti ya redio. Shangazi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Baba hakucheka.

"Hiyo chomoa ingeharibu nini?"

"Kina cha mwisho."

"Na kuzima kumeharibu nini?"

Malenga alitazama meza. "Redio."

Baba alisema sharti ni sharti. Malenga akaibeba amplifaya yake hadi chumbani kwake, akaitua juu ya sanduku la nguo, mbali na spika yoyote. Aliporudi alikuta wenzake wameshavaa viatu.

"Kaeni," Baba aliwaambia. "Mimi habari zimenipita, na ninyi mmekuja kusikia mashairi. Asome kwa kinywa chake."

Akasoma. Bila maikrofoni, sauti aliyoijua kuwa ya radi iligeuka ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono sikioni, na shairi la nne lilipokwisha akasema lirudiwe.

Malenga alivimba. Aliwatupia wenzake jicho: mnasikia?

"Lirudie," Baba alisema, "na safari hii ulisome kwa nguvu. Sijasikia hata neno."