Pazia la Jikoni Baharini

Kiroboto aliitwa hivyo kwa sababu kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, iliruka juu ya mawimbi kama kiroboto mgongoni mwa mbwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye mabega ya mbeba magunia na haja moja tu duniani: kuingia timu ya vijana ya kupanda mawimbi. Fainali ilikuwa na wapiga kasia wanne, na nafasi zilikuwa mbili.

Mama yake, mshona sare za shule, hakuweza kuogelea hata kwenye beseni. Kazi yake ufukweni ilikuwa kuomba. Wimbi dogo likija, alinong'ona. La wastani, alisema "Eeh Mungu" kama watu wengine. Likija lile la kutisha, aliwataja mitume mmoja mmoja mpaka mbwa wakabweka. Kiroboto alikwisha kumlalamikia kwamba anamtia aibu mbele ya wenzake. Mama alijibu kwamba hajawahi kuona mtu aliyezamishwa na aibu.

Siku moja kabla ya fainali, mama alijitolea kufua vizibao vya mashindano. Majaji hukaa mbali, juu ya jukwaa, na kwa kuwa sura hazionekani humtambua kila mmoja kwa rangi ya kizibao chake: chekundu, cheupe, cha njano, cha buluu. Mama alivikuta vinanuka, akavionea huruma, akavichemsha vyote kwenye sufuria moja. Nia njema nayo, ikikosa ushauri, huchemka mpaka ikafurika.

Asubuhi vitatu vilikuwa na rangi ya fizi za mtoto. Cha buluu kilifanana na fizi zenye maradhi.

Jaji mkuu, ambaye siku za kazi alikuwa daktari wa meno, alivitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatangaza kwamba hawezi kuhukumu watu wasiotofautiana. Fainali ifutwe, timu ichaguliwe kwa pointi za msimu. Kwa pointi za msimu, Kiroboto alikuwa wa mwisho. Akaanza kuiburuta kayaki yake kuelekea nyumbani, na hilo lilimchoma mama kuliko matusi.

Mama akaomba asubiriwe kidogo. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Alirudi akihema, amekumbatia shati la baba la kulalia lenye mistari, shuka la maua, kitambaa cha meza cha kijani na pazia la jikoni lenye bata wa njano. Jaji akakubali. Wenzake wakachagua upesi, na binti wa mkosaji akabakiziwa bata.

"Mama, siingii baharini na pazia."

"Utaingia. Nimeshalipunguza, nikalitoboa pa kupitisha kichwa na kulitia pindo."

Akaingia. Mawimbi mawili bora ndiyo yanayohesabiwa, na la kwanza alilipanda vizuri, bata wakipepea. Muda ulipokaribia kwisha, povu likampindua. Akajiinua kwa kasia kama alivyofundishwa, akaibuka na pazia limemgubika uso mzima. Lilikuwa limelowa na kumganda. Angeachia kasia ili alivue, angepinduka tena.

Basi akatulia gizani, akasikiliza. Upepo ulitoka nchi kavu.

"Eeh Mungu," ilisema sauti anayoijua. La wastani hilo. Akaliacha lipite.

Kisha: "Petro. Andrea. Yakobo. Yohana."

Mbwa wakaanza kubweka. Mama alipofika kwa Filipo, Kiroboto akageuza kayaki. Kwa Bartholomayo akapiga kasia kwa nguvu zote. Kwa Tomaso wimbi likamnyanyua, naye akashuka nalo bila kuona chochote mpaka kayaki ikakwama mchangani, karibu na miguu ya mama yake.

Alikuwa wa pili. Jaji mkuu alikiri kwamba hajawahi kumpa alama mtu aliyefunikwa kama mkate.

Jioni ile dirisha la jikoni lilikuwa wazi bila pazia, na baba alikula huku akiwapungia mkono wapita njia. Kiroboto akamwomba mama yake asafiri na timu. Mama akauliza kwa unyenyekevu kama atahitajika kufua.

"Hapana, mama," alisema Kiroboto. "Kuomba tu. Kwa sauti."