Mkunjo wa Lucien

Kila Jumapili alasiri, chumbani kwa Solange Verhaeghe katika Mtaa wa Bleecker, karatasi moja ilikunjwa ikapata sehemu nne: kichwa, kifua, tumbo na miguu. Kila mchezaji alichora sehemu yake, akaificha kwa mkunjo, akampa mwenzake karatasi ikiwa imebakiza ncha tu za mistari ya kuanzia. Mwishoni waliikunjua wakaona ni kiumbe gani amepatikana. Solange na rafiki zake walikuwa wameucheza mchezo huo Paris kwa miaka mingi, na vita vilipowatupa New York waliuendeleza, kwa sababu ulikuwa mmoja wa vitu vichache ambavyo havikuhitaji kubebwa.

Lakini New York kifua hakikuchorwa. Kifua kilikuwa cha Lucien Szapiro, mume wa Solange, ambaye alibaki Marseille akingojea viza. Zamu yake ilipofika, Solange alishusha mistari miwili mitupu kutoka shingoni, akakunja, akaendelea na tumbo.

Msimu wa vuli, mchapaji vitabu mmoja alifika kwa meli kutoka Casablanca. Alisema kwamba alikuwa katika kambi ya wafungwa pamoja na Lucien, na kwamba alimwona akipandishwa kwenye behewa la mifugo lililoelekea mashariki, akiwa hawezi kusimama. Solange alimpa supu, akamwambia kwamba alikuwa amemfananisha na mtu mwingine, na hakumwalika tena.

Mwezi wa Februari rafiki yao Anselm Roth, mshairi wa Kijerumani, alikuja na mchoraji kijana wa Kimarekani. Jina lake Wilma Tackett. Alitoka Nebraska, jimbo la mashamba ya mahindi, na alikuwa akishona parachuti kiwandani.

"Huyu binti wa mahindi anachora kwa mkono, si kwa kichwa," Anselm alisema huku akivua koti. "Nilimwambia auache mkono uende utakako. Sasa umeenda na haurudi."

"Bwana Roth aliniamuru nisifikiri," Wilma alisema. "Nyumbani mama alinichapa kwa kosa hilohilo."

Solange alicheka. Hakuwa amecheka siku nyingi. Akaenda jikoni kukata mkate, akawaacha waanze.

Anselm alichora kichwa. Kisha, akiwa ameshughulika na jiko la makaa lililokuwa likizimika, akampa karatasi aliyekaa karibu naye, kama walivyofanya zamani Paris. Aliyekaa karibu alikuwa Wilma. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za kifua. Alichovya brashi kwenye wino akaanza, na mkono wake haukusimama kwenye mkunjo. Aliufungua, akafungua na uliofuata, akaenda hadi chini.

Solange aliporudi na sahani, karatasi ilikuwa wazi mezani. Chini ya kichwa cha Anselm hapakuwa na mwili. Mistari ilisokotana, ikapandiana, ikajaza karatasi pembe hadi pembe, na matone ya wino yalikuwa yamerushwa juu yake.

"Nani amekwambia uguse hapa?"

"Karatasi ilikuja kwangu, Madamu."

"Hapa pana mtu."

Wilma aliitazama karatasi, akamtazama Solange. "Hapakuwa na mtu, Madamu. Palikuwa peupe."

"Toka."

Wilma alichukua koti lake akatoka bila kulifunga vifungo.

"Kosa ni langu," Anselm alisema.

"Ni lako, ndiyo."

"Dada yangu, tangu tufike tunachora watu wasio na vifua. Nimechoka."

"Basi kachokee kwako."

"Yule mchapaji hakumfananisha. Walilala banda moja."

"Anselm, nenda."

Alikwenda. Solange aliichukua karatasi ili aichane, hakuichana. Siku zilizofuata aliitoa mara kwa mara akatafuta mahali ambapo Lucien angekaa. Hakupaona. Mistari ya yule msichana haikuacha nafasi ya mtu kukosekana.

Alhamisi alikwenda kwa Wilma, juu ya ghala la samaki. Njiani hakujua kama alikuwa akienda kuomba radhi au kugombana. Wilma alimfungulia akiwa na rangi hadi viwikoni. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili sakafu yote ipatikane, na sakafuni palikuwa na turubai kubwa, imejaa mistari ileile.

"Niliianza Jumapili nilipotoka kwako," Wilma alisema. "Niliianza nikilia. Ukisema niiharibu, naiharibu."

Solange aliizunguka taratibu. Aliutambua ule mkono uliopewa ruhusa. Lucien ndiye aliyewafundisha wote kuuruhusu, katika mkahawa, kwa kalamu ya kuazima. Lakini wao walipouruhusu uliwaletea ndege, milango, wanawake wenye vichwa vya saa. Mkono huu haukuleta kitu chenye jina. Uchoraji huo ungefika mbali, na waliouvusha bahari wasingekuwapo kuuona.

"Ni nzuri," alisema. "Usiiharibu."

"Madamu, Bwana Roth alinieleza. Sikujua."

"Ungejuaje? Nami nilikuwa nakataa kujua." Alivuta pumzi. "Lucien amekufa. Alikufa ndani ya lile behewa au mwisho wa safari yake. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema."

Wilma alimsogezea ndoo, akaigeuza chini juu, akaifuta kwa kitambaa ili mgeni aikalie. Kisha akamnyooshea brashi.

"Hapana," Solange alisema. "Hiyo ni kazi yako. Niache nikae tu."

Basi akakaa. Wilma alipiga magoti akaendelea kupaka, na Solange akalia kwa sauti, mikono mapajani, bila kuuficha uso.