Bega la Kushoto la Mzee Kutu

Kila asubuhi, kabla shangazi yake hajafika, Kimya alifungua madirisha mawili ya duka la ushonaji, akaitia cherehani matone matatu ya mafuta, kisha akaitumbukiza simu yake ndani ya kikombe kitupu ili sauti ipate pa kuvumia. Saa hiyo alikuwa na wimbo mmoja tu. Gitaa lilianza polepole, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, ngoma ikafuata, na hapo Kimya akakanyaga pedali. Ubeti wa pili ukiisha, na pindo la suruali limeisha. Nguo zilipita chini ya sindano, mwenyewe akiwa mbali, mahali pasipo na sakafu wala dari.

Siku hiyo ubeti wa pili haukufika. Mlango ulifunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye koti jeusi la mahameli mkononi. Akasimama pale pale, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka nyumba ya jirani.

Alikuwa Mzee Kutu, mpiga roki. Jina hilo alilipata ujanani kwa sauti yake iliyokwaruza kama bawaba ya lango la zamani, na sauti iliyokuwa ikitoka kikombeni ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa miaka minane Kimya alikuwa na jambo la kumwambia mtu huyu. Alilifanyia mazoezi akifua, akichana nywele, akingoja maji yachemke. Sasa mwenyewe alikuwa hatua tatu mbele yake. Kimya akanyoosha mkono, akazima wimbo.

"Mbona umezima?" mzee akauliza.

"Chaji imeisha. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akachungulia kikombeni. "Inawaka hiyo."

"Ina tabia hiyo," Kimya akasema, na masikio yakamwaka moto.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama yake alifariki Kimya akiwa na miaka kumi na sita, na baada ya mazishi nyumba ikafunga mdomo. Yeye na baba walipishana mlangoni kama wapangaji. Picha ya mama ililala kifudifudi kwenye droo, jina lake halikutajwa mwaka mzima. Kisha Jumapili moja baba alikuwa akimenya viazi, redio inaimba, na katikati ya wimbo Mzee Kutu akanyamaza. Ilisikika pumzi yake tu, ndefu, kama ya mtu aliyetaka kulia akaghairi, halafu gitaa likaja kumshika mkono. Baba akaweka kisu chini. Akamtaja mama kwa jina lake. "Hapa ndipo alipokuwa akiongeza sauti," akasema. "Alisema pumzi hii inamkata maini." Waliongea mpaka viazi vikawa vyeusi kwenye beseni.

Shangazi aliingia na mdomo wake mbele, kama kawaida. "Kumbe ni wewe. Makelele yako ya sufuria yananisumbua dukani kwangu kila siku."

"Ni mimi, dada. Unisamehe."

"Nasikia unaimba kesho kutwa, Jumamosi, halafu basi."

"Basi kabisa. Vidole vimeanza mgomo."

Shangazi alilitandaza koti mezani. Bitana ilikuwa imechanika. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na juu yake mahameli ilikuwa imenyonyoka, ikabaki njia nyembamba inayong'aa. Shangazi akasikitika kwa ulimi. "Hili tutalinyanyua. Mtu haagi watu akiwa amekaa upande."

"Fanyeni mnavyojua," mzee akasema. "Nitalifuata kesho asubuhi."

Kimya aliijua njia ile. Katika kila picha aliyowahi kuiona, mkanda wa gitaa ulipita hapo. Alipobaki na shangazi, akafungua kinywa. "Shangazi."

"Nini?"

"Hakuna. Uzi mweusi umebaki kidogo."

Akafanya kazi. Alifumua bega, akatoa pamba ya ndani. Ilikuwa imebonyea katikati, imefanya bonde la miaka arobaini, na ilinuka jasho na mvua. Akaweka pamba mpya, akapima, akapiga pasi, hata mabega yakalingana kama mapacha. Ile ya zamani alitakiwa kuitupa. Aliiweka kwenye mkebe wa vifungo, akaufunika kwa upole kama anayefunika mtoto.

Ijumaa mzee alikuja na gitaa mgongoni. Koti lilimkaa vizuri mno. "Bwana harusi," shangazi akasema, akamzunguka mara mbili kwa kujipongeza.

Mzee akavaa gitaa. Mkanda ukateleza. Akauweka tena, ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Mara ya tatu alilivua gitaa, akalilaza mezani kati ya chaki na mikasi.

"Si kitu," akasema. "Nitavaa shati. Labda na koti lenyewe limejua tumemaliza." Alicheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya nyuzi, ukipapasa.

Kimya alisimama. "Vua, mzee."

Akaketi na koti magotini, akaanza kufumua.

"Wewe!" shangazi akasema. "Kazi yote ile?"

"Ilikuwa nzuri, shangazi. Sema siyo bega lake."

Akafungua mkebe, vifungo vikamwagika. Akairudisha pamba ya zamani, bonde lake likiangalia juu, akaishona kwa mkono, maana cherehani ingeibana. Jua lilitembea polepole juu ya meza.

Mzee akavaa, na mkanda ukaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu cha siku nyingi. Akagusa nyuzi mara moja. Sauti ilikuwa ndogo, ya kutosha chumba kile tu, na pini kwenye kisahani zikatetemeka.

"Mtu hutupa kitu kama hicho," akasema. "Wewe kwa nini ulikiweka?"

Shangazi alifungua mdomo amjibie, kama alivyomjibia tangu utoto. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake, akachukua pini, akaibana kati ya midomo.

Kimya aliiangalia ile njia inayong'aa begani. Akavuta pumzi, ikawa ndefu kuliko alivyokusudia.

"Ulinyamaza katikati ya wimbo, mzee," akasema, "na baba yangu akaweza kumtaja mama. Alikuwa amekufa mwaka mzima na hatukuwahi kumlilia pamoja. Wewe ndiye uliyemrudisha nyumbani kwetu. Nilitaka ujue kabla hujaacha."