Kiapo cha Mwisho kwa Sidi Huruf

Olfa alipomwambia Manubia kwamba Sidi Huruf hakuwa walii, wala hakuwahi kuwa mtu, alikuwa ametoka kula mkate wake wa moto na kunywa bilauri mbili za chai yake ya nanaa. Wazo la kwanza lililomjia Manubia ni kwamba amemlisha mwendawazimu.

"Hebu rudia," alisema.

Olfa akarudia, safari hii taratibu. Alikuwa msichana wa Tunis, mwanafunzi wa mambo ya kale, aliyetumwa kulisoma lile jiwe la herufi ambalo wenyeji waliliita Sidi Huruf kabla lori halijaja kulichukua siku ya Alhamisi kulipeleka makumbusho. Asubuhi nzima alikuwa amelipigia magoti, brashi mkononi, akifuata herufi zake kwa kidole moja baada ya nyingine. Manubia, ambaye ndiye mlinzi wa jiwe, alimtazama kwa mbali akafurahi moyoni kwamba mjini bado wamebaki watoto wenye adabu mbele ya mawalii. Kumbe mwenzake anasoma tu!

"Ni jiwe la barabarani, bi Manubia. La Warumi. Walilisimamisha kando ya njia ili msafiri ajue amefika wapi. Limeandikwa Kilatini. Linasema mfalme fulani, na vyeo vyake vyote, alitandika barabara hii kutoka Kartago mpaka Tebessa. Halafu maili themanini na sita. Basi."

"Na jina la Sidi?"

"Halimo."

"Na dua?"

"Hamna dua."

"Mistari kumi hiyo, hata dua moja? Watu gani hao?"

Olfa akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Na angechekaje? Manubia alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kulifagilia jiwe lile, kulipaka hina, kulibadilishia kitambaa cha kijani na kufukuza mbuzi waliotaka kulala chini ya kuba lake. Katika vilima vile, watu wawili wakigombana na shahidi hayupo, huenda kwa Sidi Huruf, huvua viatu, na anayedai kusema kweli huweka mkono wa kulia juu ya herufi na kuapa kwa Mungu. Mwongo hukauka mkono. Imamu wa msikiti mpya aliwahi kusema kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba huo ni ujinga mtupu, na Jumamosi yake, kuku wake walipoibiwa, akawaleta washukiwa palepale. Kuku walipatikana kabla ya adhuhuri.

"Sisi na hao Warumi wapi na wapi?" Manubia aliuliza. "Walikuja, wakaenda zao. Hata mbwa wao hakubaki."

"Mwezi huu ni mwezi gani kwa hesabu ya wakulima?"

"Ibrir."

"Kabla yake?"

"Mars. Furar. Yennayer. Unanifundisha miezi mimi niliyezaliwa shambani?"

"Hayo ni majina yao, bi Manubia. Ni Kilatini. Hata huyo qattus wako." Olfa alimwonyesha paka aliyelala juu ya gunia. "Wao walimwita cattus. Na mzeituni wako huo, kwenye vitabu vya wanasayansi unaitwa Olea. Mtu wa Japani ambaye hajawahi kuionja zeituni, akisikia jina hilo anajua ni mti gani."

Manubia akamtazama paka kwa mashaka, kana kwamba naye alikuwa na siri aliyomficha miaka yote. Paka akapiga miayo.

"Lugha ya wafu inatembea kuliko mimi," alisema. "Mimi Tunis kwenyewe nimefika mara mbili."

Aliondoa bilauri, akasahau aliziondoa kwa nini, akazirudisha. Kichwa kilimzunguka. Jiwe likiwa la barabarani, basi kile alichokikimbilia hapo tangu ujana kilikuwa nini? Na kesho atafanya nini? Maana kesho, Jumatano, alikuwa amemwita kaka yake Hammadi aje kuapa.

Jambo lenyewe ni hili. Manubia alipokuwa na miaka ishirini na minne, alivunja uchumba wake wiki moja kabla ya harusi, kwa sababu alimwona yule bwana akimpiga punda kwa mnyororo. Mama yake akakasirika, akakataa kusema naye. Siku ya tano mama akaugua ghafla. Siku ya saba, alasiri, Hammadi akamwambia, "Nenda kwa Sidi ukamwashie mama mshumaa, mimi nipo." Manubia akaenda. Kwa kuwa alijiona mkosa, alikaa muda mrefu, paji la uso juu ya jiwe, akiomba. Aliporudi, mama alikuwa amefunikwa shuka.

"Amenitaja?" alimuuliza kaka yake.

"Hapana," Hammadi alijibu. "Hakukutaja."

Mtoto ambaye mama yake amekata roho bila kumtaja, tena wakiwa hawasemezani, ana radhi au hana? Hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo. Wachumba wengine walikuja, akawarudisha. Aliona mtu asiye na radhi ataingiza mkosi nyumba ya watu. Akawa mlinzi wa Sidi. Kila Idi alimuuliza Hammadi tena, kama mzaha, na kila Idi Hammadi alijibu vilevile huku akitafuta kitu cha kutazama, mara kijiko, mara mlango. Kumwapisha alikuwa hajathubutu. Angeapa, na ikawa kweli, je? Lakini sasa jiwe linaondoka, na baada ya Alhamisi hakutakuwa na mahali pa kuulizia tena.

"Bi Manubia!" Olfa alimwita kutoka nje.

"Abee!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akiitwa, kabla hajajua anaitwa na nani au kwa nini, alishaitika na kusimama. Mama yake ndiye aliyemlea hivyo: mtoto wa kike akiitwa mara ya pili ni aibu ya nyumba nzima.

"Nilisahau kukwambia," Olfa alisema. "Maili yao ni hatua elfu moja. Hatua za askari. Kushoto na kulia walihesabu moja."

"Ahsante," Manubia alisema. Alishangaa anashukuru kitu gani. "Sasa nisikilize, mwanangu. Kesho anakuja kaka yangu. Haya uliyoniambia, usimwambie. Funga mdomo kama chupa ya mafuta."

Usiku alibishana na nafsi yake. Kumwapisha mtu juu ya kibao cha barabara ni kumdanganya. Kumwambia kwamba ni kibao ni kumfungulia mlango wa uongo. Na mbona mikono ilikauka? Alijaribu kuhesabu mikono aliyoiona kwa macho yake imekauka, akapata mmoja, wa marehemu Tijani, na huo daktari alisema ni kiharusi. Alilala bila kuamua lolote.

Hammadi alifika Jumatano saa nne na gari lake la kubebea matairi, maana ana duka la matairi mjini Kef. Alikuwa na miaka sitini na minne na tumbo la mtu aliyefanikiwa. Shadli, dereva wa lori la makumbusho, alikuwa ameshafika siku moja kabla kupima njia, na Hammadi akamwanza palepale.

"Wewe ndiye unayetuibia walii wetu?"

"Mimi nabeba tu, mzee. Akitaka kushuka njiani, ashuke."

"Mfunge vizuri. Ana uzito kuliko mkwe wangu."

Wakacheka. Manubia hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kuba, mikono imefungwa kwenye shali.

"Vua viatu, kaka."

"Dada, mambo ya zamani haya. Umeniita kutoka Kef, nimefunga duka—"

"Vua viatu."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, na Manubia, katika hali ile, akajikuta anawaza kwamba mke wake hamwangalii. Wakaingia. Olfa naye aliingia na daftari lake, akajibanza ukutani. Ndani kulikuwa na harufu ya hina na nta. Hammadi akaweka mkono wa kulia juu ya herufi, akatazama juu.

"Haya. Niseme nini?"

"Sema: Wallahi, siku aliyokufa, mama hakumtaja Manubia."

Hammadi akavuta pumzi. Hapo Manubia alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Hata leo ukimuuliza, atakwambia hajui lilimtoka wapi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Olfa mwanangu, unajua kusoma. Tusomee Sidi anasema nini. Miaka yote tunaapa juu yake, hatujawahi kumsikia."

Olfa akamkodolea macho. Manubia akamwashiria kwa kidevu: soma.

Olfa akasoma. Alianza kwa sauti ndogo, lakini kuba lile lilijengwa kuzuia upepo na likaikuza sauti, ikarudi kutoka juu nene, ya mtu mwingine. Vyeo vya mfalme vilikuwa virefu. Baba wa mfalme akafuata, na babu yake, na miungu yao, na miaka ya utawala, maneno mazito yanayomalizikia kwa -us na -is kama mtu anayenyamazisha watoto. Manubia alijua maana yake. Alijua ni barabara na maili. Hata hivyo malaika yakamsimama mikononi, akachanganyikiwa zaidi. Viam a Karthagine Thevestem, Olfa alisoma, na Hammadi akaacha kutazama juu, akaushusha uso kwenye herufi.

Alipofika kwenye maili themanini na sita, Hammadi aliutoa mkono kama mtu aliyegusa ukuta wa tanuri.

"Basi! Mwambie anyamaze."

Olfa alikuwa ameshanyamaza. Hakukuwa na neno jingine la kusoma.

"Apa, kaka."

"Siapi."

"Kwa nini huapi?"

Hammadi akakaa chini, palepale kwenye mkeka, na soksi yake yenye tundu.

"Alikuita," alisema.

"Nini?"

"Mama. Alikuita. Manubia, Manubia. Mara nyingi. Nikamwambia anakuja. Kulikuwa na mpira redioni, dada, zimebaki dakika chache. Nikasema uishe, nitakwenda kukuita. Kisha akanyamaza. Nikadhani amelala."

"Ungepiga kelele tu dirishani."

"Najua."

"Ningesikia."

"Najua, dada. Ulivyorudi, ukaniuliza vile, macho yako yalivyokuwa... ningekwambia nini? Kwamba amekuita mpaka akachoka, nami nasikiliza mpira? Nikasema hakukutaja. Nilidhani ni neno dogo. Kesho yake likawa kubwa, sikuweza kulibeba kulitoa."

Manubia alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kuchukua kandambili ampige nayo mpaka kesho. Mama alimtaja! Mama alimwita, na mtu humwita anayemtaka! Furaha ilimpanda, na nyuma yake hasira. Miaka thelathini na minne. Alikaa naye mkekani, akamshika ule mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mzima, mnene, wenye weusi wa mpira wa matairi kwenye kucha. Akaubusu, halafu akaupiga kofi, kwa nguvu.

"Lilisema nini?" Hammadi aliuliza huku analia. "Hilo jiwe. Limesema nini juu yangu?"

Olfa akafungua mdomo. Manubia akamtazama, ukafungwa.

"Limesema ni mbali kiasi gani," Manubia alijibu.

Hammadi akainamisha kichwa kama mtu aliyehukumiwa kwa haki.

Alhamisi Shadli na wenzake walilitoa jiwe kwa minyororo na mbao, wakalilaza kwenye lori juu ya matairi makuukuu aliyoyatoa Hammadi. Wanawake walipiga vigelegele, wengine wakalia, imamu akatazama pembeni. Olfa alimuuliza Manubia kama anataka kibao cha makumbusho kiandikwe kwamba watu wa hapa waliapa juu yake. Manubia alisema aandike anavyotaka; yeye mwenyewe hajui tena alikuwa akilinda nini.

Lori lilipopotea kwenye kona, alibaki mbele ya kuba tupu. Chini palikuwa na duara la udongo mweupe ambao haujaona jua tangu siku za hao wafalme. Akaligeuzia mgongo, akaanza kutembea kwenda nyumbani, akihesabu kama askari, kushoto na kulia moja. Alipita tanuri, akapita gunia la paka. Hatua mia moja na sita zikamfikisha chini ya dirisha la chumba alichofia mama yake.

Ilikuwa karibu hivyo tu.

Akasimama wima, akatengeneza shali kichwani, akaitika.

"Abee, mama."