Magoti ya Kinyozi

Hapana, pombe hajawahi hata kuilamba. Wanaosema yule kinyozi alikuwa akiyumba kwa ulevi wanamsingizia mtu wa watu. Aliyumba kwa ajili ya binti yake, na binti yake wakati huo alikuwa uwanjani anaruka. Hebu tulia, mambo yaanze yalipoanzia.

Siku ya kwanza alikuwa na dereva wa lori kitini, kichwa kimelazwa nyuma, kidevu kimejaa povu. Kinyozi ameivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, anashuka na wembe polepole, redioni watu wanabishana, nywele za tangu asubuhi zimefagiliwa zikakaa kando ya mlango. Hapo magoti yake yakapigwa. Hayakuuma tu kama yanavyouma magoti ya watu wazima. Yalipigwa, kama vile mtu ameruka kutoka juu ya ukuta akaangukia kwenye sementi. Akaenda chini, akajiinua. Wembe aliuwahi ukiwa bado hewani.

"Vipi tena, fundi?" dereva akauliza, jicho moja limefunguka.

"Magoti."

"Hayo magoti yako yasije yakanichinja. Nina watoto."

Pigo jingine likaja, na jingine tena. Dereva akamaliza kujinyoa mwenyewe mbele ya kioo huku Kinyozi amekumbatia kiti.

Sasa, huyo binti wanamwita Panzi. Alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, miguu mirefu imemwacha mwenyewe nyuma, na alicheza mbele katika timu ya wasichana ya mtaani. Kocha wao alikuwa amesikia kwamba wageni wa kituo kikubwa cha soka watakuja kuchagua wachezaji, na kwamba wageni hao wanapima kuruka. Unapaka chaki vidoleni, unaruka, unagusa ukuta, wao wanaangalia alama imefika wapi. Basi Kocha akauweka mpira pembeni. Akawatoa watoto kwenye nyasi akawapeleka nyuma ya vyoo vya uwanja, kwenye sakafu ya sementi, akapanga masanduku ya mbao na mapipa. Panda, shuka, miguu ikigusa tu ruka tena, hakuna kupumzika. Kuruka aliwafundisha vizuri, mtu asimnyime haki yake: mikono itokee wapi, macho yaangalie wapi. Kutua hakuwafundisha. Na kutua huko, kwa kuwa hakuna mtoto aliyejua kunafanywaje, hakukuweza kupotea hivi hivi hewani. Kukawa kunakwenda kwa wazazi.

Baba wa golikipa, mchomeleaji vyuma, kulimpata mgongoni. Mama wa beki, muuza maziwa, kulimpata kwenye nyonga, akawa hapimi maziwa mpaka mazoezi yaishe, maana yalikuwa yanamwagika. Mtaa ulizoea upesi. Alasiri ungemwona mtu mzima anasimama katikati ya njia, anashika ukuta, anasubiri, kisha anaendelea na safari zake na hakuna anayemuuliza.

Panzi mwenyewe hakusikia kitu. Alirudi nyumbani anaimba.

"Baba, nikishuka ni kama naangukia godoro!"

"Vizuri sana, mama," Kinyozi akamjibu, akaingia chumbani na beseni la maji ya moto.

Hakumwambia. Aliogopa mtoto angeacha kuruka, na kuruka ndiko kulikompa usingizi wa raha. Aliyeujua ukweli wote ni mkewe, Mama Panzi, ambaye jioni alimkanda.

"Wewe unasimama kama nguzo, ndiyo maana. Kunja magoti. Tanguliza vidole vya miguu, kisigino kije baadaye. Na magoti yasibusiane."

"Umejulia wapi mambo hayo?"

"Kila siku nakutazama ukianguka, nitakosaje kujua?"

Lakini hofu ya Kinyozi haikuwa magoti yake. Alimhofia winga wa kushoto. Mama yake winga alihamishiwa kazi mji wa mbali, na alipoondoka, kutua kukashindwa kumfuata kote huko. Kukabaki kwa mtoto. Miguu ile haikuwa imewahi kutua hata mara moja tangu yale masanduku yaletwe, ikawa haijui la kufanya. Goti likaingia ndani, likalia kama kuni kavu. Sasa winga alikaa benchi na bandeji, anawashikia wenzake chupa za maji.

Kinyozi akafunga duka, akaenda uwanjani. Akamkuta Kocha anaweka tairi juu ya pipa ili liwe refu zaidi.

"Kocha, warudishe watoto kwenye nyasi. Shusha hayo mapipa. Wafundishe kutua."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu."

"Marahaba. Magoti yangu yamekwisha."

"Pole sana. Lakini wageni wanapima kupanda. Hakuna anayepima kushuka. Nikikaa nafundisha kushuka, timu nyingine zitatupita."

"Na yule winga?"

"Yule bahati mbaya. Mama yake alisafiri." Kocha akalipiga tairi kofi likae sawa. "Wewe unasafiri, mzee?"

"Sisafiri."

"Basi hakuna tatizo."

Wageni wakaja. Siku hiyo Kinyozi hakupokea mteja. Alisimama katikati ya duka, mkewe mbele yake amemshika mikono, kama watu wanaotaka kucheza dansi. "Kunja," anasema Mama Panzi. "Usikaze. Kunja." Wageni walimpenda Panzi, na wageni wakimpenda mtoto humwambia arudie. Kinyozi akatua, akatua, jasho likamlowesha kola, mpaka mapigo yakakoma.

Kinyozi na mkewe walikuwa wamefika nyumbani, chakula kimepakuliwa, Panzi akaingia mbio na vidole vyeupe vya chaki.

"Nimechaguliwa! Wananichukua wiki ijayo! Ni mbali, baba, basi linakwenda kutwa nzima!"

Mama Panzi akaanza kupiga kigelegele, kikamkatikia njiani. Akamtazama mumewe.

"Kaeni tule," akasema kwa sauti ndogo.

"Bado," Kinyozi akasema. Akavuta stuli ya jikoni. "Panda hapa, mama. Ruka chini, halafu uniangalie mimi."

Panzi akaruka. Miguu yake haikutoa hata sauti. Upande wa pili wa chumba baba yake akashuka mzimamzima, akaushika ukingo wa meza, sahani zikagongana. Mtoto akaangalia.

"Kila mara?" akauliza.

"Kila mara."

"Hata yale mapipa?"

"Hasa hayo mapipa."

Panzi akafuta chaki kwenye sketi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sasa shuka kama unakalia kiti usichokiamini," Kinyozi akasema. "Kule ninyi wawili tu, wewe na miguu yako."

Akaruka, ikawa mbaya. Akaruka tena, ikawa mbaya zaidi, mchuzi ukamwagika. Mara moja tu, moja katikati ya nyingi, Kinyozi alisikia kutua kumemjia polepole, kama mtu anayeweka kikombe mezani asimwamshe mgonjwa. Akamwashiria arudie. Iliyofuata ilimpiga kama kawaida, na wiki ilikuwa fupi.

Dirishani walimwona fundi viatu wa jirani, ambaye mwanawe mdogo Kocha alikuwa amemwingiza kwenye timu siku hiyohiyo. Alisimama ghafla njiani, akageuka huku na huku akitafuta ukuta wa kushika.

"Chakula kinapoa," Mama Panzi akasema.

Panzi akapita upande ule wa meza, akamshika baba yake kwapani. Wakakunja magoti pamoja, wakashuka polepole, polepole, mpaka vitini, na wote wakala.